Mate Niliyoyafuta kwenye Paji la Ezekieli

Mama Kageha,

Wengine huanza barua kwa kuuliza hali. Wewe nitakuuliza hali gani, na huu ni mwaka wa kumi na sita uko chini ya udongo? Basi nakupa yangu mimi. Ni mbaya. Nakuandikia kwa penseli ya mjukuu wako, kwenye karatasi aliyoichana katika daftari lake. Ni Jumamosi mchana, jua limewaka juu ya mabati ya laini yetu ya vyumba hapa Eldoret, wewe ulizoea kusema Sisibo, na mimi sijatia kitu mdomoni tangu jana. Si kwamba chakula hakuna. Kipo, tumepimiwa unga juzi. Nimefunga. Na hata kama nisingefunga, kisingepita.

Lakini ngoja kwanza nikupe habari njema, maana wewe ni nyanya yake na una haki ya kuisikia. Ezekieli anakwenda Turkana kuhubiri Injili! Kanisa limechagua watu watano, na yeye ndiye mdogo wao wote, na ndiye anayewashinda wote kusoma. Mama, huyu kijana hasomi kama mimi, kwa kuweka kidole chini ya mstari. Anasoma huku anawatazama watu. Darasa la ubatizo ni lake. Wazee wenye mvi wanakaa mbele yake na mikono magotini. Siku moja nilimsikia anaongea Kiingereza na mzungu wa stoo ya mahindi, na mzungu akamjibu! Nilikuwepo. Nilijifanya natafuta kitu kikapuni ili nisikie vizuri. Na ni mrefu, Mama, lazima ainame kuingia mlangoni mwetu. Nimezunguka laini nzima na habari hiyo, mpaka Mama Fanisi wa mlango wa pili akaniambia, "Mama Ezekieli, tumesikia. Sasa tuache tupike."

Haya. Hiyo ndiyo njema. Nyingine ni yetu sisi wawili.

Safari ni Jumatatu asubuhi, kwa lori mpaka Kitale, halafu lori lingine kama lipo, halafu miguu. Lakini Mzee Barnaba, mzee wa kanisa anayewaongoza, alisema mtu hapandi lori na moyo mchafu. Kwa hiyo majuma mawili haya wamekuwa wakijitayarisha. Asubuhi kabla watu hawajatoka kwenda kazini wako kanisani wanaomba. Wanafunga mpaka saa kumi. Na kila mmoja anawafuata watu aliowakosea, mmoja mmoja, anaomba msamaha, wanashikana mikono, basi, yamekwisha. Ezekieli alikwenda kwa miguu mpaka Ainabkoi kwa mtu mmoja mwenye kigugumizi ambaye yeye Ezekieli aliwahi kumcheka walipokuwa watoto. Yule mtu hata hakukumbuka! Alicheka yeye sasa.

Na si wasafiri peke yao. Watu wa nyumbani kwao pia wanatakiwa wasafishe mioyo, maana Mzee Barnaba anasema msafiri atasimama kwa maombi ya waliobaki, na maombi ya mtu mwenye neno moyoni hayafiki popote. Kisha jambo la mwisho, kila msafiri aandike ushuhuda wake kwenye daftari, ule atakaowaambia watu wa kule siku ya kwanza.

Basi jioni moja juma lililopita Ezekieli akaja na daftari, akakaa kwenye kigoda karibu na jiko, akanisomea wa kwake. Ulianza hivi, "Mimi ni mjukuu wa mchawi."

Nilikuwa nasonga ugali. Niliendelea kusonga.

Akasoma jinsi nyanya yake alivyomtemea mate ya mashetani kwenye paji akiwa mtoto wa miaka sita. Jinsi mama yake, mwanamke wa imani, alivyoyafuta kwa aproni yake na kulitaja jina la Yesu. Jinsi mchawi alivyolisikia jina hilo akaanguka chini na kutetemeka. Alipofika hapo akainua macho akaniuliza, "Mama, nataka niiweke sawa. Guku alianguka upande gani, kulia au kushoto?"

Nikasema, "Kushoto."

Akaandika. Kushoto. Kisha akaniuliza kile ambacho wote wanatakiwa kuwauliza watu wa nyumbani, "Mama, kuna mtu yeyote una neno naye?" Nikasema hakuna. Akafurahi, akala ugali wote.

Mama, tangu jioni ile siwezi kuomba. Napiga magoti, nasema Baba yetu, halafu nakuona wewe.

Unakumbuka kila kitu kuliko mimi, lakini acha niyaandike, labda nikiyaona kwenye karatasi yatakaa mahali pamoja. Tulikuwa bado tunaishi kwenye shamba la Kaburu kule Turbo. Ulikuwa mgonjwa wa kifua, umelala kwenye mkeka, na mimi nilikuwa nimebatizwa Jumapili mbili tu zilizopita. Marita, jina jipya kabisa! Nilikuwa nalitembeza kama kitambaa kipya. Wanawake watatu wa kanisa walikuja kukutazama, na mmoja alikuwa mke wa mwalimu wa dini. Ezekieli alikuwa aanze shule ya misheni juma lililofuata, akae hukohuko. Ukamwita. Akaja akapiga magoti kando ya mkeka. Ukatema mate kidogo kwenye vidole vyako, ukampaka kwenye paji, kama ulivyompaka Yakobo baba yake alipotoka nyumbani Maragoli kuja kutafuta kazi huku, kama wazee wetu wote wanavyomfanyia mtu anayekwenda mbali. Ukasema, "Nyasaye akutangulie. Mguu wako usijikwae. Urudi utuone."

Nyasaye! Mungu yuleyule. Jina lilelile tulilokuwa tunaliimba kanisani.

Lakini mimi nilikuwa namtazama mke wa mwalimu wa dini. Nilimwona anavyokunja uso. Basi nikamvuta mtoto kwa mkono, nikashika aproni, nikamfuta paji, nikafuta tena, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje, "Mtoto huyu ni wa Yesu!" Nilitaka wasikie. Na walisikia. Mmoja alinishika bega.

Wewe ulivitazama vidole vyako. Ukasema, "Haya, mwanangu. Mtoto ni wako." Ukageukia ukutani. Siku ya nne ukafa.

Jumapili iliyofuata waliniita nisimame. Sikuomba mimi, waliniita, lakini sikukataa. Nilisema kilichotokea, hivyohivyo, na watu wakasema "Haleluya." Mama, sijawahi kusikia neno likinipendeza hivyo. Mimi ambaye nyumbani kwetu nilikuwa msichana wa tano, sina wa kunisikiliza. Mwaka uliofuata walipoitaka tena habari hiyo, mate yakawa ya mashetani. Tulipohamia hapa Eldoret, Yakobo alipopata kazi ya kupakua mizigo stesheni, hakuna aliyekujua huku, basi ukawa mganga. Halafu ukawa mchawi. Halafu ukaanguka. Sijui siku gani ulianguka, nakuambia kweli. Kila mwaka niliongeza kidogo, kama mtu anayeongeza maji kwenye mchuzi wageni wanapozidi, na kila mara mchuzi ukasifiwa. Waliniita mpaka Turbo, mpaka Ainabkoi, nikautoe ushuhuda huo. Nimepewa benchi ya mbele. Watoto wananiita Mama wa Aproni.

Na Yakobo, mwanao, mtoto uliyemzaa, alikuwa akisikia yote hayo juu ya mama yake. Hajaniambia neno hata moja. Ila nikisimama kutoa ushuhuda, anatoka nje. Siku ya kwanza nilimuuliza ulikuwa wapi. Akasema, "Nilikuwa nafunga kamba za viatu." Hana viatu vya kamba, Mama. Hajawahi kuwa navyo.

Kuna jambo moja ambalo kwenye ushuhuda sijawahi kulitaja. Ezekieli alipozaliwa nilishikwa na homa, maziwa yakakauka. Mtoto alilia mpaka sauti ikaisha. Alipofika miezi ambayo angeweza kumeza, wewe ulikuwa unachoma kiazi kitamu majivuni, unakitafuna mpaka kinakuwa uji, unamtilia mdomoni kwa kidole. Kila siku. Kwa meno yako yale machache, na wewe ukiwa umetoka kulima kibarua cha Kaburu tangu asubuhi. Ulikuwa unamwambia, "Kula, mzee wangu, ukue unichimbie choo." Urefu wake huu ninaojivunia mlangoni umetoka kwenye mate yako. Halafu nikayafuta kwa aproni.

Jumanne nikasema basi, kama wenzangu wanawafuata waliowakosea, na mimi nitakufuata. Nilipanda lori la mkaa lililokuwa linarudi Turbo. Nilikuwa nimepanga kila kitu. Nitapiga magoti pale tulipokulaza, chini ya laini ya zamani, karibu na ule mti wa miiba, nitasema, nitanyoosha mkono juu ya udongo iwe ndiyo kushikana.

Laini haipo. Mti haupo. Mama, wamelima. Ni mahindi kutoka barabarani mpaka mtoni, yamenipita kichwa. Niliingia katikati yake nikawa nazunguka kama kuku aliyepoteza kiota, nahesabu hatua, narudi, naanza tena. Nyapara akanisikia, akaja na fimbo yake. Mnandi, mtu mzima, si mtu mbaya.

"Mama, unatafuta nini kwa shamba ya bwana?"

"Namtafuta mama yangu."

"Amepotea?"

"Amezikwa hapa."

Akatazama huku na huku, kana kwamba utatokeza. "Hapa hakuna mtu, Mama. Hapa ni mahindi tu. Toka, bwana asikuone, atasema umekuja kuiba."

Nikatoka. Nimetoka hapo na mikono yangu miwili haijashikana na chochote. Mtu wa Ainabkoi alikuwepo nyumbani kwake, alicheka, yakaisha. Mimi nitashikana mikono na nani? Niambie. Nitamwambia nani nimekosa, na huyo niliyemkosea nimempeleka kanisa baada ya kanisa akiwa mchawi, na sasa hata mahali pake sipajui?

Ndipo nikaona imebaki njia moja, niseme mbele ya watu. Alhamisi ilikuwa ibada ya mchana ya familia za wasafiri. Nikasimama. Nilikuwa na neno la kwanza tayari mdomoni, na neno hilo lilikuwa "nimedanganya." Kabla sijafungua mdomo, Mzee Barnaba akapiga makofi, akasema, "Ndiyo, Mama Ezekieli! Tupe ile ya mate, vijana waende na nguvu." Watu wakajiweka vizuri kwenye mabenchi. Mama Fanisi akasema kwa nyuma, "Na usiruke pale pa kuanguka!" Wakacheka, cheko la kunipenda.

Nikautoa.

Mama, niliutoa wote. Ule wa zamani. Mdomo ulikwenda wenyewe kama ng'ombe anayejua njia ya nyumbani, na nilipofika mwisho nikaongeza kitu ambacho sijawahi kukisema, kwamba mkono wako ulishika moto. Niliinua mkono wangu juu kuwaonyesha. Wanawake walilia. Yakobo alikuwa ametoka zamani. Na Ezekieli, kwenye benchi ya wasafiri, alikuwa ameinama anaandika kwenye daftari. Moto.

Jana nilishindwa. Nilikuwa nampigia pasi shati lake la safari, yeye anapaka viatu rangi mlangoni. Akasema, bila kunitazama, "Mzee Barnaba amesema kule watu wazima wao pia huwatemea watoto mate wakiwabariki. Kwa hiyo ushuhuda wa Guku utawagusa sana. Ataniweka wa kwanza kusema."

Nikaona picha nzima. Nikamwona amesimama mbele ya wanawake wazee wa kule, wageni, wamekuja kumpokea, pengine wameshatema mate kwenye vidole kwa wema wao, naye anawaambia huo ndio uchawi, nyanya yangu alikuwa nao, alishika moto, akaanguka. Kushoto. Nikaiweka pasi chini na sikuangalia nilipoiweka.

"Hakuanguka," nikasema.

"Nani?"

"Guku yako. Alikuwa amelala, Ezekieli. Alikuwa mgonjwa kwenye mkeka. Mtu aliyelala ataangukaje?"

Akaacha brashi. Nikamwambia yote. Vidole vyako, Nyasaye, urudi utuone, kiazi, majivu, meno yako. Shati likaungua kola, mpaka moshi ukatukumbusha. Nilidhani atapiga kelele. Angepiga, ningeshukuru. Alijishika paji, akasema polepole, "Mama, kule shuleni nilikuwa nalala nimejifunika hapa kwa blanketi. Miaka yote. Nilikuwa namwogopa atakuja kuyarudisha."

Sikulijua hilo. Nimemlea, nimemsifu, nimejua namba ya kiatu chake na shairi lake la Krismasi, na hilo sikulijua. Mwanangu alilala na hofu yako, na hofu hiyo nilimpa mimi, wakati wewe ulimpa baraka.

Kisha akalichukua daftari, akachana kurasa zile, zote, akazitia kwenye jiko. Nikamwambia niache mimi niseme, usimwambie Mzee Barnaba, ni mzigo wangu. Akasema, "Lini?" Nikasema Jumapili, kwenye ibada ya kuwaaga. Akasimama, na kichwa chake karibu kinagusa mabati, akaniambia kwa adabu, lakini Mama, kwa sauti ya mtu mzima, "Ukisimama ukasema ule wa zamani tena, mimi sipandi lori. Siwezi kwenda kusema Mungu ni kweli na nimetumwa na uongo."

Basi ndipo nilipo. Nikisema ule wa zamani, haendi. Nikisema wa kweli, watasema nini? Nawajua. Watasema Mama Ezekieli amerudi nyuma, anatetea mate ya wazee, nyumba hiyo haifai kutuma mtu. Mzee Barnaba anaweza kulifuta jina lake mbele ya watu wote, siku moja kabla ya safari, na majuma mawili ya njaa na magoti yawe bure. Mtoto niliyemtangazia laini nzima! Nitapita wapi? Nitamtazamaje Mama Fanisi? Na benchi ile. Hata sasa, Mama, hata hapa nikilia, kuna kipande cha moyo wangu kinaililia benchi. Ndivyo nilivyo. Ulinijua.

Na kuna hofu nyingine ambayo sijamwambia hata Ezekieli. Naogopa nitausema vizuri. Asubuhi hii nilijaribu peke yangu jikoni, nikasema, "Ndugu zangu, nimewadanganya miaka kumi na sita," na sauti ikatoka nzuri, Mama, ikatetemeka mahali pazuri. Mara ya pili nikaongeza machozi. Mara ya tatu nikajikuta nimeinua mkono. Nikakaa chini sakafuni nikasema Mungu wangu, hata hili? Hata toba yangu naipamba? Watasema "Haleluya," watanishika bega, mwakani wataniita Turbo niutoe huo mpya, na wewe utakuwa umefanywa mbuzi wa kafara mara ya pili.

Kwa hiyo sikiliza ninachokuahidi. Ezekieli ananiambia tufanye mazoezi pamoja, nimekataa. Kesho sitakaa mbele. Nitakaa benchi ya mwisho, upande wa mlango, ambako Yakobo huwa anapitia kutoka, na nitamwomba akae karibu nami, asitoke. Wakiniita, nitasimama palepale. Mikono yote miwili nitaishikilia nyuma ya benchi iliyo mbele yangu, isiende popote. Nitasema, "Kageha alimwombea mwanangu kwa Mungu. Mimi nilimsingizia." Basi. Sitaeleza. Sitalia nikiweza. Wakitaka zaidi sitawapa, na kama Mzee Barnaba atauliza ninatetea nini, nitamwambia simtetei mtu, nimekiri dhambi kama alivyotuagiza. Jina la Ezekieli akilifuta, nitamfulia mwanangu shati lile lenye kola iliyoungua na tutabaki naye hapa, na sitamwambia mtu yeyote kwamba ameonewa.

Kwaheri, Mama, huko katikati ya mahindi ya watu. Sina cha kukuletea na sina pa kukileta. Nitasema maneno hayo machache, vibaya, kwa haraka, kama mtu asiyejua kusema mbele ya watu, kisha nitakaa chini.

Mke wa mwanao,
Marita